Mama Mkwe Anampakata, Mimi Namlaza Ubavu

Shikamoo mama.

Nina miaka 29, nimeolewa, ni karani katika ofisi moja hapa Morogoro. Nakuandikia saa tisa usiku, mtoto kalala kifuani kwangu na simu naibonyeza kwa dole gumba moja, kwa hiyo nisamehe nikirukaruka.

Mwanangu alizaliwa wiki ya 31, kilo 1.4. Presha ilinipanda ghafla nikafanyiwa upasuaji usiku uleule. Tulikaa wodi ya watoto njiti wiki tano. Mwanzo alilishwa kwa mpira wa puani, maziwa ya kuhesabu kwa bomba la sindano. Baadaye tukahamia kikombe kidogo, na mimi nikimbeba kangaruu, ngozi kwa ngozi kifuani, mchana na usiku. Titi alikuwa analishika ila anavuta mara chache, anachoka, anasinzia. Tuliruhusiwa akiwa na kilo 1.9.

Chupa niliinunua mwenyewe, hakuna aliyenituma. Kile kikombe kilinitoa machozi. Unakamua saa nzima, unapata maziwa yasiyofika hata robo ya glasi, halafu nusu yake inaishia kwenye kanga. Na nilijua likizo yangu ina siku 84 tu, lazima mtu mwingine aweze kumlisha nikiwa kazini.

Mtu huyo ni mama mkwe wangu. Alikuja kutoka Muheza tulivyotoka tu hospitali. Kazaa saba, kalea na wajukuu. Yeye humpakata mtoto kama tunavyopakata wote: kichwa kwenye kiwiko, mgongo mapajani, mtoto anatazama juu, chupa imesimamishwa wima. Anasema chupa ikiinama mtoto anameza hewa, tumbo linamsokota. Kwake maziwa yanaisha dakika nane, mtoto analala, kila mtu anafurahi.

Sasa nina wifi yangu anaishi Leicester, naye alijifungua njiti hukohuko Uingereza. Manesi wa kule walimfundisha kumlaza mtoto ubavu juu ya mapaja, kichwa kikiwa juu kuliko makalio, sikio moja linatazama dari, na chupa inalala badala ya kusimama. Alinitumia video tatu. Nikajaribu nikaona mtoto katulia, ila inachukua nusu saa na maziwa mengine yanamchirizika shavuni. Mama mkwe aliponiona mara ya kwanza alisimama akaniambia, "Mwanangu, anayelazwa ubavu ni maiti kaburini. Mtoto anapakatwa." Sikumjibu, lakini maneno yale yaliniingia mwilini. Mimi nilishamwona mwanangu kama maiti mara moja, siku anazaliwa.

Ikapita wiki tatu tangu turudi nyumbani. Jumamosi moja naanika nguo uani, yeye yuko ndani anamlisha. Nikasikia kimya. Sijui kama kimya kinasikika lakini mimi nilikisikia. Naingia nakuta mtoto kapaliwa, hakohoi, halii, midomo imekuwa ya bluu. Mama mkwe alimgeuza kifudifudi kwenye mkono wake, akampiga mgongoni kwa kiganja, mara ngapi sikumbuki, maziwa yakamtoka puani na mdomoni, akalia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na shati lililolowa mkononi. Tulimkimbiza hospitali, wakampima kifua, tukalala usiku mmoja wakimwangalia, wakasema yuko salama.

Tangu siku ile simpi mtu mtoto. Namlisha mimi, ubavu, mlango nimeufunga. Mume wangu anasema namwaibisha mama yake. Mama mwenyewe hasemi kitu, anafagia uwanja ambao umeshafagiliwa. Kuna msichana wa kazi ana miaka 19, ana wiki mbili hapa, na yeye naona anasubiri tu nani atashinda.

Nikaenda kliniki nikamuuliza nesi, kwa haraka maana foleni ilikuwa ndefu. Akanijibu, "Mama, chupa ya nini? Rudi kwenye kikombe." Basi, sasa wamekuwa watatu.

Niseme na mengine mawili, maana usiku huu sina wa kumwambia. Siku mbili kabla ya lile tukio, mama mkwe alitanua tundu la chuchu ya chupa kwa sindano ya moto, kwa sababu mtoto alikuwa anavuta anachoka. Nilikuwepo. Nilimshikia kibiriti. La pili, juzi usiku nikiwa namlisha mimi, ubavu kama kwenye video, alikohoa mpaka akawa mwekundu na maziwa yakamtoka puani. Sijamwambia mtu.

Mtoto sasa ana wiki kumi. Narudi kazini baada ya wiki mbili. Naomba uniambie mkao upi ndio sahihi, ili niwasomee wote nyumbani jibu lako. Ukisema ubavu, nitamwomba mume wangu mama arudi Muheza.

Mama Njiti, Morogoro

JIBU

Marahaba mwanangu. Hongera kwa wiki kumi. Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua, na najua wiki moja ya njiti ina siku ngapi. Si saba.

Umeniomba nichague mkao mmoja uwasomee wote nyumbani. Nitakueleza ninachokijua juu ya huo mkao, tena kwa urefu, maana hata hapa tunaposomwa wako kina mama wengi wanaolisha njiti kwa kubahatisha. Lakini hukumu ya kumpandisha mtu basi la Tanga sitaitoa, na nadhani ukisoma tena barua yako mwenyewe utaona kwa nini naogopa kuitoa.

Tuanze na kinachotokea kooni. Mtoto anapomeza, njia ya hewa hujifunga kidogo, hapo hapumui. Mtoto mchanga hupumua mara 40 hadi 60 kwa dakika, kwa hiyo nafasi ya kumeza anaiiba katikati ya pumzi na pumzi. Aliyetimiza miezi huyapanga haya bila kufundishwa: anavuta, anameza, anapumua. Njiti huanza kuyaweza kwenye wiki ya 32 hadi 34 hivi, na huendelea kuyazoea mpaka karibu na tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, wengine hata baada yake. Wako alizaliwa wiki ya 31. Alipopaliwa siku ile alikuwa ametimiza kama wiki 39 ukihesabu na za tumboni. Yaani kwa hesabu ya mwili wake alikuwa bado hajazaliwa. Mtoto wa namna hiyo maziwa yakija kwa kasi hawezi kusema subiri. Anameza, anameza, anameza, na pumzi inangoja. Ndiyo maana ulisikia kimya. Watu wengi hudhani aliyepaliwa lazima akohoe, kumbe njiti anaweza kunyamaza tu na kubadilika rangi. Sikio lako lilikuwa sahihi.

Sasa mikao. Ule wa wifi yako unatumika sana kwenye wodi za watoto njiti za Uingereza na Marekani, haukutungwa mtandaoni. Sababu yake ni nyepesi: mtoto akitazama juu na chupa ikiwa imesimama, maziwa yanashuka yenyewe hadi kooni, avute asivute. Akilala ubavu, maziwa hukusanyika kwanza kwenye shavu la chini, naye ndiye anaamua lini ayapeleke nyuma. Yakimzidi, yanachirizika nje. Yale unayoyaona shavuni na kuhesabu kama hasara ni yale aliyoyakataa, na heri yatoke nje kuliko yaende kifuani. Kunja kitambaa chini ya shavu yasimwingie sikioni, basi.

Lakini usinisomee nusu. Watafiti waliolinganisha ubavu na kupakata wamefanya hivyo kwa watoto wachache wachache, na majibu yao hayakukubaliana. Wapo walioona watoto wa ubavu wakipumua kwa utulivu zaidi na hewa ya oksijeni ikishuka kidogo tu wakati wa kula. Wapo ambao hawakuona tofauti ya maana. Kwa hiyo atakayekuambia ubavu ndio salama na kupakata ni hatari, anakuambia zaidi ya kinachojulikana.

Na kupakata nako kuna namna mbili, hapa ndipo nadhani nyumba yenu imegombana juu ya kitu kisichotajwa. Kuna kupakata mtoto kalala chali na chupa imesimama, na kuna kumpakata akiwa ameinuka, karibu kukaa, kichwa na shingo vimeshikwa, na chupa imelala sambamba na sakafu, maziwa yakijaa nusu tu ya chuchu. Huo wa pili wodi nyingi wanautumia, na una uzuri wake: unauona uso wote wa mtoto. Mama mkwe wako akimwinua kidogo tu na kuilaza chupa, tofauti kati yake na wifi yako inakuwa ndogo kuliko mlivyofikiri. Hoja yake ya hewa wala si ya kijinga, hewa kweli inamsumbua mtoto. Ila hewa inabeuliwa. Maziwa yaliyoingia mapafuni hayabeuliwi.

Nije kwenye sindano ya moto. Uliiweka mwishoni, kama mtu anayepita mlango wa nyuma, lakini mimi ningeianzia hiyo. Ulimlaumu mama mkwe kwa mkao, ukajilinda kwa kubadili mkao, na juzi mtoto akapaliwa tena mikononi mwako, ubavu, mlango umefungwa. Ni kitu gani kilichokuwepo mara zote mbili? Hukuniambia kama umebadilisha chuchu. Kama ni ileile, tundu lile linatoa maziwa kama bomba la uani, na hakuna mkao utakaomtosha njiti. Mtoto aliyechoka kuvuta alihitaji muda na mapumziko, wala si maziwa yaende mbio. Itupe leo, kabla hujawasomea barua hii. Nunua ya mtiririko wa polepole kabisa, na usiamini sana maandishi ya kwenye kasha, maana ya kampuni moja na ya nyingine hayafanani hata yakiandikwa namba ileile. Pindua chupa: maziwa yadondoke tone tone taratibu. Yakitoka mchirizi, irudishe dukani.

Siandiki haya ili nikuongezee hatia ya kibiriti. Kutoboa chuchu kwa sindano nimekuta nyumba nyingi, za wasomi pia. Mlikuwa mnamwonea huruma mtoto, nyote wawili, kwa pamoja. Hilo la pamoja nitalirudia.

Jambo jingine ambalo halimo kwenye video, au limo na halionekani kwa haraka, ni kumpa pumzi. Yeyote anayemlisha, kwa mkao wowote, ahesabu mivuto mitatu mpaka mitano, kisha ainamishe chupa chini maziwa yaondoke kwenye chuchu, bila kuitoa mdomoni. Mwache avute pumzi mbili tatu. Akianza kuvuta tena mwenyewe, mrudishie. Mtazame uso: nyusi zinakunjamana, vidole vinatanuka kama nyota, maziwa yanamwagika pembeni ya mdomo, pua zinapanuka, macho yanatoka, anajinyonga mgongo kwenda nyuma. Hayo ni maneno yake, anasema basi kwanza. Akisinzia, ameshiba au amechoka, usimtikise amalize. Dakika nane ni upesi mno kwa mtoto huyu. Na ukiona kila mlo unavuka nusu saa, nako anatumia nguvu nyingi kuliko anazopata, mwambie daktari.

Ubavu nao una hatari zake, na zinakuhusu wewe uliyeandika saa tisa usiku. Ukimlisha umelala naye kitandani, umechoka, kanga imekuja usoni, kichwa chake kimeteleza kikawa sawa na makalio au kidevu kimeingia kifuani, hapo si mkao wa wifi tena. Kaa kwenye kiti. Weka miguu kwenye kigoda mapaja yapande, mlaze juu yake, sikio, bega na nyonga viwe mstari mmoja, shingo isijipinde, taa iwake uone midomo. Akimaliza, mwinue umbeulishe, mshike wima kidogo, halafu alale chali. Ubavu ni wa kula tu. Usingizi ni chali, kila usingizi, wa mchana na wa usiku. Nasisitiza kwa sababu nimeona mama anajifunza mkao mmoja akautumia kwa yote.

Kikombe je? Nesi wako alikujibu kifupi kwa sababu ya foleni, lakini hakukosea. Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi limependekeza mtoto mdogo asiyeweza titi alishwe kwa kikombe au kijiko kuliko chupa, na kwenye mazingira yetu sababu kubwa ni usafi: kikombe kinaoshwa kwa sabuni na maji moto kikaonekana chote, chupa ina kona, na chuchu ina tundu ambamo maziwa hukaa yakaharibika. Ukibaki na chupa, chemsha kila kifaa kila siku, hakuna njia ya mkato. Kikombe kinamtaka mtoto awe macho, ameketishwa wima, ukingo uguse mdomo wa chini, maziwa yafike tu kwenye midomo naye alambe. Anayemmiminia kama anamnywesha dawa anampalia vilevile. Na kumwagika kupo, hilo sitalikataa, kanga yako ni shahidi. Lakini alikuwa na wiki 36 wakati kilipokutoa machozi. Sasa anakaribia 41, si mtoto yuleyule. Huenda kikombe cha mchana na titi la usiku vikakutoa kwenye chupa, huenda pia ukaona chupa ndiyo itakayokuwezesha kurudi kazini na akili zako. Mimi sikai kwenye nyumba yako.

Titi lenyewe umelitaja kwa sentensi moja, tena ya zamani. Alikuwa anachoka. Je, ulimjaribu wiki hii?

Nina maswali mengine mawili. Uliniandikia kilo 1.4, ukaandika kilo 1.9, ukanyamaza. Kadi ya kliniki inasemaje leo? Kabla ya mkao na kabla ya maneno ya Muheza na Leicester, mstari ule kwenye kadi ndio utakaotuambia kama mtoto anakula vya kutosha. Pili, mwajiri wako anahesabu siku 84 tangu lini? Sheria ya kazi ilifanyiwa marekebisho mwaka 2025 na mama wa mtoto njiti akaongezewa muda wa likizo. Muulize afisa utumishi, au chama cha wafanyakazi kama unacho, umwoneshe na cheti cha hospitali. Ukirudi, sheria inakupa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya saa za kazi. Nimeona wanawake waliobeba uamuzi mzito wa nyumbani kwa sababu ya tarehe ambayo haikuwa ya kweli.

Sasa mama mkwe. Soma tena ile aya ya Jumamosi. Wewe ulisimama mlangoni na shati. Mama ndiye aliyemgeuza kifudifudi mkononi na kumpiga mgongoni. Ndivyo tunavyofundishwa hata sisi: mtoto mchanga akipaliwa na hakohoi wala halii, kifudifudi kwenye mkono, kichwa chini kuliko mwili, mapigo matano kati ya mabega kwa kiganja, na mtu mwingine akimbie kutafuta msaada. Akiwa anakohoa na analia, toa chupa, mshike tu, mwache akohoe. Alilofanya pale ndilo lililomrudisha. Hukuliona, au ulilinyima jina, kwa sababu hofu ilikuwa inatafuta mtu wa kumkalia. Sikulaumu. Nimeona wazazi wa wodini wakiikasirikia hata saa ya ukutani.

Na yeye je, unadhani anafagia uwanja safi kwa kiburi? Mimi nasoma mama ambaye mtoto alikaribia kufa mikononi mwake, na tangu siku hiyo hajaguswa hata na neno moja. Huenda nimekosea. Muulize.

Lile la maiti liliumiza, na kwa masikio yako wewe liliumiza mara mbili, kwa sababu ambayo yeye pengine haijui. Unaweza kumwambia, kwa maneno yaleyale uliyoniambia mimi: nilishamwona hivyo siku anazaliwa. Halafu muulize jambo dogo. Hao watoto saba, usiku, aliwanyonyesha amekaa? Nina hakika karibu wote aliwanyonyesha amejilaza, mtoto ubavu kifuani kwake, tumbo kwa tumbo. Mkao wa wifi ni mtoto wa ule wa bibi wa Muheza, umeinuliwa kichwa tu. Ukiuleta nyumbani kwa jina la Leicester utakuwa ugomvi. Ukiuleta kwa jina lake, sijui, jaribu uone.

Njia zilizo mbele yako ni kadhaa na kila moja ina gharama. Ukimrudisha Muheza, utapata amani ya mlango, na utamwachia mtoto msichana wa miaka 19 ambaye hajawahi kuona mtoto akibadilika rangi. Ukimpa mama chupa kesho kama vile hakikutokea kitu, utakaa ofisini na mwili, roho iko nyumbani, na mtoto ataisikia hofu hiyo kila ukirudi. Ukiendelea kumlisha peke yako, utaanguka. Juzi ulikuwa peke yako, usiku, na alipopaliwa hapakuwa na mkono wa pili. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mkao wowote.

Kuna njia ya katikati, ndefu kidogo. Nendeni kliniki nyote, wewe, mama, na msichana, siku ambayo si ya foleni ya chanjo. Mwombeni nesi wa watoto awaangalie mkimlisha, kila mmoja kwa mkao wake, chuchu mpya, na awaoneshe kwa vitendo cha kufanya akipaliwa. Wote watatu. Mtoto atawaonesha mwenyewe kwa rangi ya midomo na pumzi zake. Huenda akapenda ubavu kwako na kuinuliwa kwa bibi yake, nimewaona wa hivyo. Na kama kupaliwa kunarudi hata kwa chuchu ya polepole, au akiwa wa bluu tena, anakataa kula, anavuta mbavu ndani, anapumua haraka zaidi ya mara 60, ana joto au amepoa, usiningoje mimi wala kliniki ya Jumatatu. Hospitali, saa hiyohiyo.

Kabla ya hapo kuna kitu cha kufanya leo mchana ambacho hakihitaji chupa. Kangaruu. Njia hii ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978, mashine za joto zilipokuwa hazitoshi, na kifua cha mtu kikatumika badala yake. Hakikuandikwa kwamba kifua kiwe cha mama mzazi. Baba anaweza, bibi anaweza. Mvue mtoto abaki na nepi na kofia, mfunge kifuani kwa bibi yake kwa kanga, wima, uso umegeukia pembeni pua ikiwa wazi. Wewe lala saa mbili chumba cha pili, mlango wazi.

Ukiamka, niandikie uzito wa mtoto. Na mpe mama shikamoo yangu. Kwa hesabu ya watoto na wajukuu, ni mkubwa kwangu.